Kiazi Chenye Masikio

Watu wengi hupona kwa dawa, kwa dua na kwa uvumilivu wa jamaa zao. Mimi nilivitumia vyote vitatu na sina neno baya juu yake. Lakini kilichonitoa kitandani, wakati vyote hivyo vimejaribu na kuchoka, ilikuwa nia mbaya. Nilitaka kumlipiza kisasi mwanamke mmoja fundi cherehani, na kisasi hakilipizwi na mtu aliyejifunika shuka gubigubi jua likiwa utosini.

Nakuandikia wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki ile ambayo watu wakiipita huongeza mwendo. Au wewe ambaye hata kwenye benchi hujafika, uko nyumbani, na umewaambia watu una malaria. Sitakueleza ugonjwa huu unaanzia wapi kichwani; waliosomea wapo. Nitakueleza yaliyonipata, nawe uchukue la kukufaa. Usichukue yote. Mengine ni ya aibu.

Jina langu Hamisi. Ni mwalimu wa historia katika chuo kimoja hapa Lindi mjini. Nina shahada mbili, nina makala kadhaa zilizotoka magazetini ambazo mke wangu amezitandika kwenye kabati la vyombo, na nina tabia ya kuchora picha. Sikuisomea. Nilianza nikiwa na miaka arobaini, umri ambao baadhi ya wenzangu walianza kutafuta mke wa pili, na mke wangu, Mama Rukia, akaona heri plaiwudi. Kila Jumamosi niliegemeza ubao uani nikachora: mbuzi, jirani anakuna nazi, makopa ya muhogo yaliyoanikwa juu ya paa. Picha zikikauka nikawagawia jamaa, hasa wale wasioweza kukataa.

Moja nilimpa baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa korosho kule Rutamba, na nilimchora akiwa ametoka kupulizia mikorosho salfa, uso umejaa unga wa njano, masikio yametokeza chini ya kofia. Niliiona ndiyo kazi yangu bora. Baba aliitazama, akakohoa kama alivyokohoa kila siku kabla ya kusema lolote, akapangusa viganja mapajani, akasema, "Ahsante, mwanangu. Ila nitaigeuzia ukutani. Sipendi kujiona nikila." Nilicheka. Picha ikakaa miaka imeangalia udongo wa ukuta, na hakuna aliyeudhika.

Baba alifariki korosho za kwanza zilipoanza kudondoka.

Hapa inabidi nimlete Somoe. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu enzi za mababu. Sababu yake kila mzee huisimulia kivyake. Kwa msomaji asiye wa huku: mtani ana ruhusa ya kukutukana popote anapokukuta, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndipo penye kazi yake hasa. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, mpaka wafiwa wacheke wakitaka wasitake. Akinyakua kitu cha nyumba hiyo, hukipati mpaka ukikomboe kwa jogoo. Na ukikasirika, hujaaibika peke yako. Umeaibisha ukoo.

Somoe alikuwa mtani wangu na jirani yangu. Cherehani yake iko barazani, nyumba ya kwenye kona, anashona sare za shule kuanzia Januari mpaka Januari, na ana sauti ya kumwita mtu aliye Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Kila asubuhi kwa miaka mingi aliniamkia hivi: "Umeamkaje, marehemu mtarajiwa?"

Nami nilimjibu, "Salama. Nangoja wewe utangulie."

Nikaenda kazini nimechangamka.

Siku tuliyomzika baba, watu walirudi kutoka makaburini wakakaa uani, na Somoe akatoka ndani kavaa kanzu ya marehemu na kofia yake. Alikohoa. Akapangusa viganja mapajani. Wallahi alikuwa baba mtupu. Uani palilipuka kwa kicheko, nami nilicheka na machozi yananitoka, yakiwa machozi ya kwanza tangu nipigiwe simu. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kama kinavyotakiwa kuwa.

Kisha akaingia tena ndani akarudi na picha yangu.

"Jamani, nimemkuta huyu kageuziwa ukuta. Kakosa nini?"

"Mwoneshe tumwone!" watu wakaitikia.

Akaiinua juu. "Wanasema ni Mzee Rashidi. Mimi naona kiazi chenye masikio. Mnauliza marehemu kafa na nini? Kafa na aibu. Siku hiyo kakigeuza, akajiona!"

Walicheka wote. Ami yangu alicheka mpaka akashika nguzo. Shehe aliuma pindo la shuka lake. Ningecheka na mimi mambo yangeisha, ningetoa jogoo, ningepata picha yangu. Badala yake nikasimama, na kwa sauti ile ninayoitumia kwa wanachuo waliochelewa, nikasema, "Weka chini hiyo picha, mwanamke mjinga wewe."

Ami yangu aliachia nguzo. Mtu mmoja akasema chinichini, "Kakasirika." Mwingine akarudia, kama anayetoa taarifa ya msiba wa pili, "Mtoto wa Rashidi kamkasirikia mtani."

Somoe alivua kofia. Akavua kanzu, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkeka. "Samahani, mwalimu," alisema. "Sikujua." Picha hakuiweka chini. Aliibana kwapani.

Dada yangu Zainabu alinivuta pembeni. "Hamisi, toa jogoo yaishe. Wako tele bandani."

"Sitoi."

"Unagombana na msiba?"

"Sitoi hata unyoya, dada. Nimezika baba leo."

"Sote tumemzika," alisema Dada Zainabu. "Wewe ndiye wa kwanza?"

Niliporudi Lindi nikapita kwenye ile kona asubuhi. Nilikuwa nimeandaa tusi. Somoe aliinuka kwenye kiti chake, akakutanisha viganja mbele, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mwalimu."

Msomaji, Somoe ni mkubwa kwangu. Tangu tufahamiane sijawahi kusikia neno la heshima likitoka kinywani mwake, na sasa ananipa shikamoo kama naye ni mtoto wa shule. Mtani akikuheshimu amekufuta. Amekwambia wewe ni mgeni, ni mtu wa kupishwa njia. Nilisimama pale sijui niitikie au nikimbie. Wateja wake walikuwa wananitazama. Nikasema, "Marahaba," na kijasho kikanitoka. Nyuma yake, juu ya cherehani, alikuwa ametundika picha ya baba. Uso wa njano uliangalia barabara yote.

Jumamosi ile niliegemeza ubao uani, nikaupaka rangi nyeupe ya kutangulizia, nikauacha ukauke. Ulikauka. Haukuchorwa kitu. Jumamosi iliyofuata nilikaa mbele yake tena, na nikagundua kwamba sina sababu ya kuchagua rangi moja kuliko nyingine. Nilishika brashi kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake stendi. Kila mstari niliofikiria kuuchora, nilisikia ua zima likicheka kabla sijauchora.

Nilidhani ni uchovu. Zilipokuja mvua za vuli nilikuwa naamka kabla ya adhana na kulala macho wazi, moyo unadunda kana kwamba nimefukuzwa. Wali ulikuwa na ladha ya pamba. Darasani nilisahau katikati ya sentensi nilikuwa nasema nini, wanachuo wakangoja kwa adabu, nami nikawapa zoezi la kuandika. Nilikonda. Mkanda uliishiwa matundu, Mama Rukia akatoboa jingine kwa msumari. Majirani aliwaambia nina malaria. Malaria hiyo ilivuka vuli yote, ikavuka maembe, ikaingia masika.

Ubao mweupe aliutumia kuanikia dagaa. Niliona, nikajifunika shuka.

Siku moja alisimama mlangoni na ufagio. "Baba Rukia, mimi niliolewa na mtu. Sasa naishi na godoro."

"Niache nipumzike."

"Umepumzika tangu korosho. Ama unakwenda kwa Somoe na jogoo, ama unakwenda hospitali. Kimoja leo."

Dada Zainabu naye alikuwa akipiga simu kila wiki kusema kwamba sikusafishwa msiba, kwamba mtani hakumaliza kazi yake juu yangu na ndiyo maana ninaoza. Nilimjibu kwa maneno marefu ya kisomi kuhusu mila na jamii. Alisubiri nimalize, akasema, "Haya. Umekula leo?"

Kati ya Somoe na hospitali nilichagua hospitali. Kwa hiyo, ukitaka ukweli, nilianza matibabu kwa sababu ya kiburi. Bado nakushauri uanze, kwa sababu yoyote utakayoipata.

Kliniki yetu iko mwisho wa jengo, baada ya meno na macho. Ukikaa kwenye benchi la meno, watu wanakupa pole. Ukisogea mpaka mwisho, wanakumbuka wana haraka. Mara ya kwanza nilikaa kwenye meno, nimeshika shavu, na nilipoitwa kwa jina langu lote mwenye jino kweli akaniambia, "Nenda, mwalimu, wanakuita wa kule." Mwanachuo wangu mmoja alikuwa pale kwenye macho. Alijifanya haoni. Namshukuru.

Tabibu alikuwa kijana mpole, umri wa binti yangu Rukia. Aliniuliza kama kuna wakati natamani nisingekuwepo. Nilimjibu kweli. Sitaandika hapa nilichomjibu, ila nakuomba ukiulizwa swali hilo usijibu kwa heshima zako za nje, wala kwa shahada zako. Jibu kweli. Aliniambia nina sonona, ugonjwa wa huzuni, akaniandikia vidonge, akanitaka nirudi baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi.

Vidonge vilinikausha kinywa mpaka ulimi ukawa kama soli ya kiatu. Mama Rukia akaanza kunitengenezea maji ya ukwaju kwenye chupa ndogo niende nayo kila mahali. Alinipa bila maneno, bado akiwa na hasira na mimi, na mpaka leo sijapata zawadi kubwa kuliko ile. Usingizi ulirudi. Baadaye njaa ikarudi kwa fujo, nikanenepa, lile tundu la msumari likabaki kama kumbukumbu. Lakini mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Kikombe kiliimba kwenye kisahani. Tabibu alisema atarekebisha dozi taratibu. Mimi nikasema moyoni, basi, ndiyo imekwisha. Mchoraji mwenye mkono wa kutetemeka. Somoe akisikia atachinja jogoo wake mwenyewe.

Njia ya kliniki inapita kwenye ile kona. Kila nikienda, "Shikamoo, mwalimu." Nikirudi, "Pole na safari, mwalimu." Na baba ananitazama kutoka juu ya cherehani, masikio yametokeza, kama mateka aliyeacha kutegemea kukombolewa.

Kwenye lile benchi la mwisho nilikutana na Mama Anjela. Mmakonde wa huko juu, Newala, Mkristo, muuza mitumba, mkono mmoja una bangili mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anaugua ugonjwa huu huu tangu zamani kuliko mimi na aliuzungumza kama mtu anavyozungumza juu ya mpangaji msumbufu. Watu wote waliniuliza nimeanza lini, nalala vipi. Yeye aliniuliza, "Nani kakuudhi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kiazi chenye masikio alishika mdomo, mabega yakatikisika, na benchi zima likatikisika naye. Kisha akafuta macho akawa mkali.

"Na wewe ukamwacha?"

"Nilimwambia mjinga."

"Hilo nalo ni tusi? Mjinga hata mimi mtoto wangu namwita akimwaga chai. Mwanamke kakutangaza mbele ya ukoo, kakuchukulia baba, anakupa shikamoo, na wewe unameza vidonge tu umelala? Mlipize!"

Ninajua vitabu vinashauri kusamehe. Nimevisoma. Lakini nakuambia kilichotokea: nilipokuwa naondoka siku ile nilijiona nimenyooka mgongo. Njia nzima nilikuwa nafikiria midomo ya Somoe. Namna inavyojikusanya upande mmoja pini zikiwa katikati ya meno. Namna jicho moja linavyofumba kabla ya kusema neno la kumchoma mtu. Ilikuwa miezi mingi tangu nifikirie uso wa mtu kwa makini hivyo, na nilifanya hivyo kwa chuki safi.

Nilifika nyumbani, nikakung'uta magamba ya dagaa kwenye ubao, nikauosha, nikaupaka nyeupe upya.

"Unafanya nini?" Mama Rukia aliuliza.

"Namchora Somoe."

"Kwa nini Somoe?"

"Ili nimwaibishe."

Aliingia ndani, akatoka na kigoda. "Kaa," alisema. "Utachoka."

Sitaki udhani niliinuka siku hiyo nikapona. Nilichora pua, nikalala siku nyingi. Kipupwe kilipoingia na mikorosho ikaanza kutoa maua, nilijiona mzima nikaacha vidonge bila kumwambia mtu. Nikaanguka tena chini, zaidi ya mwanzo, na Mama Rukia akanirudisha kliniki amenishika mkono kama anampeleka mtoto jandoni. Mama Anjela alikuwa pale.

"Umeacha dawa?"

"Nilidhani nimepona."

"Na yule mwanamke?"

"Nimemaliza pua."

"Pua tu!" Akasonya. "Mama yake yu mzima?"

"Astaghfirullah, Mama Anjela."

"Simwombei kufa. Nauliza tu, maana kwenu mambo yanalipwa msibani."

Tabibu naye alihitaji kujua mgonjwa wake anafanya nini siku hizi. Nikamwambia nafanya maandalizi ya kulipiza kisasi. Aliweka kalamu chini. "Unakusudia kumdhuru mtu, mzee wangu?"

"Kwa rangi tu."

Aliichukua tena kalamu. "Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Basi endelea na rangi. Na vidonge usiache tena."

Nikaendelea. Mkono ulitetemeka, na kutetemeka kwenyewe kukanisaidia kwa namna ambayo sikutarajia: midomo ya Somoe ilitoka kama iko katikati ya tusi, inasogea. Nilimpa shingo fupi. Nilimpa kidevu cha papai lililogonga chini. Nilimweka pini mdomoni kama meno ya papa. Nilipokuwa sina nguvu ya kuoga nilikuwa na nguvu ya kuongeza pini moja. Jicho lake moja lililofumba lilinichukua wiki kadhaa, na lilipokaa sawa nilicheka peke yangu uani, na Mama Rukia akachungulia dirishani, akarudi ndani haraka asije akaniharibia.

Somoe mwenyewe, kila asubuhi: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nilijibu, na moyoni nikasema, subiri.

Korosho zilianza kudondoka tena. Bi. Fatu, mama yake Somoe, alifariki kijijini kwao Kikole, huko Kilwa. Habari ilipofika nilikuwa nakunywa chai. Naona haya kukuandikia jambo la kwanza nililolifikiria, lakini nimeahidi ukweli: nilifikiria kwamba rangi ya picha imekauka.

Tulikwenda mimi na Mama Rukia, picha imefungwa kwenye shuka. Bi. Fatu nilimjua vizuri. Alikuwa mwanamke mdogo mwenye ugomvi mkubwa, na kila alipotaka kugombana alivua kandambili kwanza, moja, kisha ya pili, akazipanga pembeni sambamba, ndipo akafungua kinywa. Kikole nzima iliijua ishara ile. Kandambili zikivuliwa, watu walitafuta pa kwenda.

Walipotoka kuzika niliingia uani. Somoe alikuwa barazani kwenye mkeka, kati ya wanawake wa kwao, kajifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepungua. Sauti ile yote haikuwa naye. Huruma ilinijia ghafla, nikaikemea. Mjomba wake alinizuia mkono.

"Huyu si yule aliyekasirika Rutamba?" aliwauliza wenzake. "Bado ni mtani huyu?"

Mmoja akanisogezea kiti. Nilielewa wakati ule kwamba wangeweza kunikaribisha wali, wakanipa mahali pazuri pa kukaa na wageni wa heshima, na mambo yangeishia hapo kwa maisha yangu yote. Kinywa kilikuwa kikavu, na si kwa vidonge. Nikasema, "Nipeni nguo za marehemu, mtaona kama ni mtani."

Mjomba alinitazama tumbo. "Zitakuenea?"

"Marehemu alikuwa mdogo kwa sababu nyinyi mlimnyima chakula. Leteni!"

Mwanamke mmoja alicheka kwenye kanga yake. Nguo zikaletwa.

Nilijifunga kanga ya Bi. Fatu ikaishia njiani, tumbo limetokeza, nikavaa na kandambili zake. Nilitembea hatua zake fupi za haraka mpaka katikati ya ua. Nikasimama mbele ya mjomba. Nikavua kandambili moja. Nikaipanga. Nikavua ya pili, nikaipanga sambamba na mwenzake. Ua zima likapiga kelele kabla sijasema neno, na wazee wawili waliinuka kwa mazoea kana kwamba wanataka kukimbia kweli.

"Nimewaachia dunia," nilisema kwa sauti ya Bi. Fatu, "lakini nimeona aibu kuondoka bila kuwaonyesha nilichozaa." Nikafungua shuka.

Kwanza shingo zilirefuka. Halafu mtu akasema, "Somoe!" Halafu kicheko kikaja kutoka pande zote, kikubwa kuliko kile cha Rutamba, nakuapia kilikuwa kikubwa zaidi, mwanamke mmoja alikaa chini kabisa mchangani.

"Somoe gani?" nikasema. "Hili ni papai limemeza pini! Marehemu kafa na nini? Kila Idi akifungua mlango anakutana na hili!"

Somoe aliinuka. Kanga ilimshuka mabegani. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba. Alishuka barazani, watu wakampisha, akaja akasimama mbele ya picha, akaitazama. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimetaka hivyo masika yote na kipupwe chote. Nilikuwa tayari hata kusikia, "Samahani, mwalimu," na kama angesema hilo, sijui ningerudije Lindi.

Hakusema. Aliinamisha uso akatazama miguu yake. Akavua kandambili moja. Akaipanga. Akavua ya pili.

Hakuwa anaiga. Nadhani hakujua kabisa alichofanya, mpaka aliposikia wanawake wa kwao wakilia na kucheka kwa pamoja na mjomba wake akisema, "Lo! Fatu karudi!" Hapo akatazama chini, akaziona, na uso wake ukavunjika, kicheko na kilio vikatoka mlango mmoja. Kisha akaokota mchi uliokuwa kando ya kinu.

"Mbwa koko wee! Mtoto wa kiazi! Mwizi wa plaiwudi! Leo nakuzika na kanga hiyo hiyo, marehemu mtarajiwa!"

Nimesifiwa maishani mara chache, na mara zote kwa maandishi. Hakuna sifa iliyowahi kuniingia kama maneno yale. Nilikimbia kuzunguka ua, nimeshika kanga ya Bi. Fatu isidondoke, tumbo linatangulia, na nilipopita kwenye zile kandambili za Somoe nikazinyakua.

"Kakasirika!" nilipiga kelele. "Jamani mashahidi, kakasirika! Jogoo!"

"Sijakasirika!" alijibu huku akirusha mchi. "Nakuua tu!"

Tangu siku hiyo kandambili za Somoe zimetundikwa kwenye msumari uani kwangu. Picha ya baba bado iko juu ya cherehani yake. Yeye anasema nitangulize jogoo, kwa kuwa deni langu ni la zamani. Mimi nasema atangulize yeye, kwa kuwa alitumia silaha. Mama Rukia na Dada Zainabu wametusihi tubadilishane tu, yaishe. Hatutaki yaishe. Nikipita pale kwenye kona namtazama baba vizuri, na sasa naona masikio kweli ni makubwa mno. Nimeanza kumchora upya, salfa na yote. Hilo Somoe hatalisikia kutoka kwangu hata kwa mtutu wa bunduki.

Mama Anjela nilimsimulia yote kwenye benchi. Alitaka nirudie sehemu ya mchi. Naye hali yake hupanda na kushuka, lakini siku ile alicheka mpaka wa meno wakaja kutazama.

Mkono umetulia. Vidonge nimepunguziwa, sikuacha. Kuna asubuhi ule uzito hurudi ukakaa kwenye ukingo wa kitanda, nami hunyanyuka kwa sababu moja. Somoe ametangaza mtaa mzima kwamba kwenye msiba wangu atavaa kanzu yangu ya Idi, na ameshaanza kufanyia mazoezi mwendo wangu. Nimemwona akifanya, pale mbele ya cherehani, wateja wanashangilia. Anafanana na mimi kabisa, na siwezi kuruhusu jambo hilo. Kwa hiyo nakunywa dawa, natembea jioni, nakula mboga za majani, nikikohoa kidogo nakwenda kupimwa. Nimekusudia yeye ndiye atangulie.

Ubao wa kumchora kwa msiba wake nimeshautafuta, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Nimeupiga msasa, nimeupaka nyeupe, nimeuegemeza uani unakauka.